Hesabu ya Nguzo

Kutoka Saranda hadi Kilimatinde, nguzo mia mbili na kumi na tatu.
Babu alizijua kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake:
hii imepinda, hii twiga huja kujikunia shingo,
hii ya mti mchwa waliila kutoka ndani
wakaliacha gome limesimama peke yake, kwa heshima.
Ikaletwa ya chuma.
Mchwa wakahamia ofisini, wakala daftari.

Chedego Nhonya, mlinda waya.
Ngazi begani, koleo kiunoni, rupia nne kwa mwezi
na amri moja: waya usikatike.

Kiangazi, upepo ukishuka bondeni, waya uliimba.
Watu walitega sikio kwenye nguzo wakasikia nyuki
waliofungiwa kwenye mzinga usio na mlango.
Wawili walipanda na moshi kutafuta asali.
Babu aliwashusha. Hakuwacheka;
na yeye, siku ya kwanza, alikuwa amelamba chuma.

Ndani ya tembe la posta, karani Abedi Shekue
aligonga kitufe, ti, ti, taa,
akizungumza na mwenzake wa Mpwapwa.
Miaka sita, hawajaonana hata kisogo.
Alimjua kwa mkono: leo kistari kimevutwa mno,
leo jamaa hakulala, mtoto anaumwa.
Wakubwa wakiondoka waligongeana salamu ya wenyeji,
Mbukwa. Mbukwa.
Haikuingizwa kwenye hesabu ya maneno.

Kisha waya ukaanza kupungua.
Hatua tatu hapa, hatua mbili kule,
na nyayo ndogo zinazofika mtoni, kwenye mchanga mkavu, zikaisha.
Babu alimfuata mwizi huyo misimu miwili.
Alikatwa mshahara. Alichapwa mara moja.

Mwaka wa Mtunya mvua haikuja hata kudanganya.
Watu walichemsha ngozi walizokuwa wakilalia.
Abedi akagonga bila kuomba ruhusa:
NJAA KUBWA NUKTA WATU WANAKUFA NUKTA LETENI NAFAKA.
Siku ya tisa jibu likaja:
TUMENI HESABU YA NGUZO.

Babu akatoka kuhesabu.

Kivuli cha nguzo ni chembamba kama fimbo.
Watu waliketi ndani yake mmoja nyuma ya mwingine,
wakisogea nacho jua liliposogea.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye ya ishirini aliacha kuwatazama nyuso.

Kwenye ya themanini na saba alikuwapo msichana,
bangili za shaba kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni.
Wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wakipita na posho yao;
bangili moja, kibuyu cha uwele.
Babu akaitambua shaba yake,
hata alama ya koleo lake mwenyewe aliijua.
Msichana akaitazama ngazi. Hakukimbia.
Pengine hakuwa na miguu ya kukimbilia.
"Zimebaki tano," alisema, "na nyumba ni saba."

Babu hakuwahi kunieleza alichofikiri hapo.
Alisema tu kwamba ngazi ilikuwa nzito siku ile
na kwamba aliiegemeza, akapanda.

Hesabu ilibidi iende kwa miguu, tarishi siku nne:
*Nguzo mia mbili na kumi na tatu. Zote zipo.*
Habari za waya hakuulizwa.

Abedi aliendelea kugonga jioni zile,
Mbukwa,
kitufe kikalia juu ya meza kama jino bovu.
Hakumlaumu babu. Hakumsalimu pia, hadi masika.

Bibi yangu, Mbeleje Chilongani, alizikwa na bangili nne.
Ya tano ninayo hapa Dodoma.
Nikiivaa siku ya joto huacha mstari wa kijani mkononi,
nami siuoshi
mpaka jioni.